Mjumbe Aliyetoka Nje

Katika Wapemba waliokuja London baada ya mapinduzi, wamo waliokuwa makarani, wamo waliotunza wazee majumbani, wamo waliouza vitambaa Wembley. Aliyepata riziki yake kwa barafu alikuwa mmoja tu, naye ni Abdulwakil Shaame, mtoto wa Wete. Kwa miaka thelathini alipanda basi la asubuhi kutoka Thamesmead, akabadilisha treni mara mbili mpaka kwenye uwanja mmoja wa barafu nje kidogo ya Croydon, akavaa makoti mawili na kofia ya sufu, akaanza kazi. Mkewe Zainab, wenziwe wakimuuliza mumeo anafanya nini, alikuwa akijibu, "Anamwagia maji sakafu, kisha anakasirika watu wakiikanyaga."

Kweli kazi yenyewe haikuwa mbali na hapo. Pale palichezwa mchezo ambao Waingereza huuita curling, na nyumbani kwa Abdulwakil ukiitwa mchezo wa mawe. Jiwe ni la mviringo, zito kama mtoto wa miaka mitano, lina mkono juu yake kama birika. Mchezaji hulisukuma likateleza juu ya barafu, na wenziwe wawili hutangulia mbele yake wakifagia kwa mafagio ili lisiishiwe na nguvu njiani. Timu inayolaza jiwe lake karibu zaidi na kitovu cha duara ndiyo inayopata. Barafu ikiwa tambarare kama kioo, jiwe haliendi mbali. Kwa hiyo mwenye kazi hunyunyiza matone ya maji, yakaganda, barafu ikaota vipele vidogo vidogo kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Mkono wa Abdulwakil ulikuwa na kipimo cha vipele hivyo, na wachezaji wakongwe walikuwa wakisema kwamba siku aliyoumwa waliijua kwa mawe yao.

Abdulwakil alifika London mwaka sitini na saba, kijana wa miaka ishirini na mbili, na kilichomleta ni orodha. Alifaulu mtihani wa kwenda kusomea ualimu, na jina lake alilisoma ukutani kwa macho yake, la nne kutoka juu. Wiki ya pili orodha ikabandikwa upya, na la nne likawa jina jengine. Alipokwenda kuuliza, karani alimtazama kwa huruma akamwambia, "Baba'ako alikuwa chama gani vile?" Hakuuliza tena. Alivuka kwenda Mombasa, na Mombasa hakukaa.

Mchezo wa mawe aliujifunza kwa kuutazama, kisha kwa kujaribu uwanja ukiwa mtupu, kisha kwa kuitwa siku moja kujaza nafasi ya mtu mgonjwa. Alikuwa na jicho. Mwaka themanini na nne timu yao ilishinda mechi zote za majira ya baridi, na ikajulikana kwamba watu wanne wa chama cha mchezo pale uwanjani watapelekwa Scotland kwenye mashindano makubwa. Mwenyekiti wa wakati huo alimkabidhi Abdulwakil karatasi yenye majina akamwambia aibandike ubaoni. Aliibandika kwa pini nne, moja kila pembe, na alipokuwa akiikandamiza pini ya mwisho ndipo alipoisoma. Jina lake halimo. Nafasi yake amepewa shemegi yake mwenyekiti. Wenziwe walikuwa wamesimama nyuma yake wakisoma. Alichukua ndoo yake akaenda kunyunyiza maji.

Mtu mwengine angeuacha mchezo. Abdulwakil aliomba kuingia kwenye kamati ya kuchagua timu.

Aliyemsaidia ni Hemant. Huyu alikuwa Mhindi wa Mkunazini, Unguja, aliyefungua duka la karatasi na kalamu Wembley, na kwenye barafu alipelekwa na daktari wa moyo aliyemwambia atafute mchezo usio na mbio. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini khasa, naye ndiye aliyempa Abdulwakil jina la Wakili. Jumapili zote za mwaka ule walikaa juu ya duka, Hemant na taipureta, Abdulwakil na kikombe cha chai, wakiandika kanuni za uchaguzi wa timu, ambazo chama kile hakikuwa nazo.

"Ya sita," alisema Abdulwakil. "Mjumbe mwenye jamaa yake miongoni mwa wanaochaguliwa, atoke nje ya chumba, wala asipige kura."

"Hiyo ni ya shemegi," alisema Hemant.

"Hiyo ni ya kila mtu. Andika ya saba. Matokeo yasibandikwe ubaoni. Kila mchezaji ataandikiwa barua, na barua zitiwe posta siku moja. Na mjumbe yeyote asitoe habari kabla barua hazijafika. Mtu akipata habari mbaya aipate nyumbani kwake, mlango umefungwa, si mbele ya watu."

Hemant aliacha kupiga. "Wakili, siku ile ilikuuma sana, eh?"

"Andika, bwana."

Kanuni zilipita, mwenyekiti wa zamani akaondoka kwa hasira, na Abdulwakil akawa katibu wa kamati ya uchaguzi. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyelalamika kwamba ameonewa. Ikawa fahari yake. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kanuni zile alizipenda kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoijenga kwa mkono wake.

Alikuwa na mtoto mmoja, Ummukulthum, na nyumbani wakimwita Ummi. Tangu akiwa na miaka sita, likizo za shule zilimkuta uwanjani, amevalishwa masweta matatu, anasukuma jiwe la mazoezi kwa mikono miwili. Kiswahili alikielewa chote, hata cha mafumbo ya mamake, ila majibu yake yalikuwa ya Kiingereza. Barafuni baba alimfundisha kwa lugha yake. "Taratibu, taratibu... liachie... sasa fagia! Fagia!" Wasichana wa Kiingereza waliocheza naye walilidaka neno hilo, na timu nzima ikawa inapiga kelele "fagia!" mpaka wageni wakadhani ni neno la mchezo.

Mwaka tisini na sita Ummi alikuwa na miaka ishirini, anafanya kazi kwenye duka la miwani Woolwich, na ni nahodha wa timu ya wasichana iliyokuwa ikitajwa na kila mtu. Msimu ule ilitakiwa timu moja kwenda Denmark kwenye mashindano ya vijana. Wachezaji watatu walikuwa hawana ubishi. Palibaki pa nahodha, na wasichana walikuwa wawili: Ummi na Alison, mkubwa wake kwa mwaka mmoja. Katika mechi tatu walizokutana, Ummi alimshinda mbili. Lakini Alison alishawahi kucheza nje ya nchi mara mbili, na Ummi hata mara moja.

Kamati ilikutana Alkhamisi saa kumi jioni, kwenye chumba cha juu chenye dirisha linalotazama barafu. Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa Bi Pell, mwalimu mstaafu, mwanamke wa haki. Walikuwapo Hemant, wajumbe wawili wengine, na katibu Abdulwakil. Walipofika kwenye jambo la nahodha, Abdulwakil alifunga daftari lake akasimama.

"Subiri," alisema Hemant kwa Kiingereza. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Kila mmoja hapa anamjua katibu wetu. Akitoka tunabaki wanne, na wanne wanaweza kugawana sawa kwa sawa. Mkutano unaweza kukubali abaki. Naomba abaki."

Bi Pell alitazama huku na huku. "Mimi sina pingamizi," alisema. "Kuna mwenye pingamizi?"

Abdulwakil aliona kwamba mlango umefunguliwa, na kwamba akiingia hakuna atakayemlaumu. Moyo wake ulimwambia Ummi ndiye bora, na wala haukusema hivyo kwa ubaba, maana jicho lake kwenye mawe halikuwa na jamaa. Alimkumbuka yule shemegi.

"Mimi nina pingamizi," alisema, akatoka.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mikono juu ya magoti. Hemant alimfuata mpaka mlangoni akamnong'oneza kwa Kiswahili, "Wakili, rudi. Kanuni tumeiandika wenyewe."

"Ndiyo maana."

"Unamnyima mwanao."

"Kama anastahiki atapata bila mimi. Ingia, wanakungoja."

Haikuchukua hata robo saa. Walipomwita alimwona Hemant ameinamisha kichwa, akajua kabla hajaketi. Kura zilikuwa mbili kwa mbili, na zikilingana mwenyekiti ana kura ya pili. Bi Pell alisema kwa upole kwamba amefikiria sana, na kwamba ugeni wa nchi ya watu unataka mtu aliyekwisha kuuonja. Kwa hiyo nahodha ni Alison. "Pole, Abdul," alisema. Yeye akafungua daftari akaandika.

Asubuhi ya Ijumaa, kwenye ofisi ndogo nyuma ya mitambo ya baridi, alipiga taipu barua. Nne zilikuwa za pongezi. Ya tano alianza kuiandika mara tatu. Kamati inasikitika kukuarifu. Kamati inathamini juhudi zako. Chini akatia sahihi kama kawaida, A. Shaame, Katibu, na juu ya bahasha akaandika jina la mwanawe na anwani ya nyumba yake mwenyewe. Akazitia posta zote pamoja saa tano kasoro robo. Zingefika Jumatatu.

Jioni ile Ummi alirudi kutoka kazini akamkuta mezani.

"Baba, mmekutana jana?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Tumekutana."

"Ehe?"

"Barua zitakuja."

Ummi alicheka, akamzunguka akamtazama usoni kutoka upande mmoja na upande wa pili. "Uso wako kama ukuta," alisema. "Lakini nakujua. Ungekuwa na habari mbaya usingeweza kula." Abdulwakil alikuwa na tonge mkononi. Akalitia mdomoni, akatafuna, akameza.

Zainab hakucheka. Ummi alipokwenda kuoga, aliufunga mlango wa jiko akamsogelea mumewe. "Sema na mimi," alisema. "Mimi si mchezaji. Barua yangu haipo posta."

"Zainab, kanuni ni kanuni."

"Basi umeshasema," alijibu. Akageukia sufuria zake, na kwa mgongo wake Abdulwakil alijua kwamba sasa wako wawili wanaojua.

Jumamosi Ummi alitaka koti la baridi kali, la kwendea Denmark. Zainab alisema kichwa kinamuuma. Kwa hiyo aliyekwenda naye Croydon ni baba. Msichana alijaribu makoti matano, akijigeuza mbele ya kioo, akimuuliza hili vipi, hili jee, na baba alijibu zuri, zuri, mpaka akachagua la buluu lenye kofia ya manyoya. Walirudi kwa basi, Abdulwakil amebeba mfuko mapajani. Njia nzima Ummi alikuwa akizungumza: barafu ya huko ikoje, ni kweli maji yao ni mazito, jee, atume salamu za simu kila siku au baada ya mechi tu. Mara mbili Abdulwakil alifungua mdomo. Mara mbili ikamjia kanuni ile ya saba, kwa maneno yake yote, akaufunga.

Jumapili sanduku la Ummi lilikuwa wazi juu ya kitanda.

Jumatatu barua ilifika saa mbili na nusu. Ummi alikuwa hajatoka kwenda kazini. Aliisoma amesimama kwenye korido, chini ya taa, na aliisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyomo. Kisha akaingia jikoni akaiweka mezani mbele ya baba yake, kidole chake kikiwa juu ya sahihi.

"Umeiandika lini?"

"Ijumaa."

"Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

Ummi alikuwa akirudi nyuma siku moja moja, na walimwona akirudi. Alipofika Jumamosi, uso wake ulibadilika. "Ulinibebea koti," alisema.

"Mwanangu, kanuni..."

"Ulinibebea koti, Baba."

Hakupiga kelele, wala hakulia mbele yao. Alikwenda kazini. Zainab alikaa pale pale mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Yeye umemvunja, na mimi umenifanya mwongo kwa mwanangu. Utafanya nini sasa na kanuni yako?"

Timu ilikwenda Denmark ikarudi na nafasi ya sita katika nane. Ummi hakukanyaga barafu tena. Hemant, akidhani anaponya jeraha, alimpigia simu akamweleza mambo ya chumbani, kwamba babake aliombwa abaki akatoka. Hilo nalo likaongezeka juu ya lile. Mwezi wa sita Ummi alipata kazi Newcastle, akahama. Aliolewa huko na kijana wa Kisomali. Nikaha ilifanyika huko huko, Abdulwakil akaenda kama walii, akasema maneno yanayotakiwa kusemwa, wakapigwa picha. Kuja Thamesmead, Ummi alikuja siku ambazo babake yuko kazini. Zainab alizijua siku hizo, wala hakumficha mumewe. Akirudi jioni alikuta sahani tatu zimeoshwa.

Kwenye mkutano mkuu uliofuata Abdulwakil alileta pendekezo moja: kanuni ya saba ibadilishwe, mchezaji aambiwe na mjumbe kwa mdomo, faraghani, siku ile ile, barua ifuate baadaye. Lilipita bila ya mjadala, wala dakika mbili halikuchukua. Bi Pell aliuliza kama kuna jengine. Abdulwakil akasema analo, akatoa barua ya kujiuzulu. Barafu aliendelea kuitengeneza mpaka uwanja ulipofungwa mwaka elfu mbili na moja pakajengwa majumba ya ghorofa.

Zainab alifariki mwaka elfu mbili na sita, mwezi wa pili, kwa maradhi ya moyo, kabla hawajafika hospitali. Ummi alikuja na treni ya kwanza, na mtoto wake wa miaka minne, Yusra. Matanga yalikaliwa siku tatu. Nyumba ilijaa wanawake wa Kiunguja na Kipemba, na Ummi alipika na kuosha vyombo kama mgeni mwenye adabu. Siku ya tatu, watu walipotawanyika baada ya hitma, Abdulwakil aliingia jikoni akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani alizokuwa akiziosha Ummi.

Ummi alizungumza bila ya kugeuka. Alizungumza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyepanga maneno yake kwa miaka. "Lile la kutoka nje nimekusamehe zamani. Ungebaki, wangesema nimechaguliwa na babangu. Nimelifikiria, na nadhani hata mimi ningetoka."

"Ningekupa kura yangu."

"Najua. Si hilo." Alifunga mfereji. "Siku tatu, Baba. Umekula na mimi. Umenitazama nikipanga nguo. Ulikuwa unaogopa nini?"

Abdulwakil aliipangusa sahani iliyokwisha kukauka. "N'liogopa nikikwambia wewe," alisema, "kanuni itakuwa ya watoto wa watu tu."

"Na mimi n'likuwa mtoto wa nani?"

Alitaka kusema mambo mengi: ya Wete, ya karatasi zilizobandikwa upya, ya kwamba mtu aliyeonewa huogopa sana kuonea hata asiwaone walio karibu. Hakusema hata moja, kwa sababu aliona kwamba yote yale ni ya kwake yeye, na hayakuwa majibu ya swali. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Ummi alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Mabega yake yalikuwa ya Zainab, hata lile la kushoto lililokuwa chini kidogo. "Nitajaribu," alisema. "Usinitake niseme leo."

Kesho yake akaondoka.

Tangu hapo alianza kupiga simu kila Jumapili saa kumi. Simu zenyewe hazikuwa ndefu. Humwuliza anakula nini, kama miguu inavimba, kama joto la nyumba linafanya kazi. Kisha humpa simu Yusra, naye humweleza babu mambo ya shule kwa Kiingereza cha Newcastle ambacho Abdulwakil alikuwa hakifahamu nusu yake. Huitikia yote. Ya Denmark hayakutajwa tena.

Mwaka ule ule, Idd ilipokaribia, Ummi alisema watakuja. Abdulwakil, ambaye maisha yake yote alipikiwa, alinunua nyama, akauliza kwa majirani, akapika pilau mara mbili kwa kujifunza na mara ya tatu kwa wageni. Siku ya Idd, saa tatu asubuhi, simu ililia. Yusra ana homa, hakulala. Wataangalia mwezi ujao.

"Haidhuru, mama," alisema. "Mtoto kwanza."

Alisali, akarudi, akakaa na sufuria lile mpaka adhuhuri. Halafu alipakua nusu akampelekea jirani yake Wambui, Mkenya aliyekuwa muuguzi na aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kazini.

"Wageni hawakufika, Mzee?" aliuliza Wambui, akiipokea sahani kwa mikono miwili.

"Mjukuu anaumwa."

"Pole. Karibu ndani basi, tule pamoja."

Abdulwakil alisita mlangoni. Alimwambia ahsante, lakini anarudi nyumbani, huenda simu ikalia tena. Akarudi, akakaa karibu nayo mpaka kiza kikaingia, na haikulia.